Mfalme na Kasumba Yake: Maisha ya Jahangir wa Bara Hindi

Watu wakizungumza juu ya mtu aliyenaswa na ulevi, hukumu yao mara nyingi hutegemea nyumba aliyozaliwa. Akiwa mtoto wa maskini anayelala barazani mwa maduka, huitwa teja, na mwenye duka humwamsha kwa kumwagia maji ya kudekia. Akiwa mtoto wa tajiri, husemwa kwamba hajisikii vizuri, kwamba amepelekwa ng'ambo kupumzika, na jina la ugonjwa wenyewe halitajwi mbele ya wageni. Tena wako wanaohukumu kinyume chake. Maskini, wanasema, ana udhuru, maana anatafuta kusahau njaa; lakini huyu tajiri, aliyejaliwa kila kitu, alikosa nini? Na husema hivyo kwa furaha kidogo, kana kwamba kuanguka kwake ni deni ambalo hatimaye limelipwa.

Sisi hatuna mizani ya kupimia mioyo. Lakini leo tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu ambaye katika zama zake ni wachache mno duniani waliomkaribia kwa mali. Aliyetumia divai, mvinyo na kasumba tangu ujana wake mpaka karibu na kufa kwake. Naye, tofauti na walevi karibu wote, aliandika habari za ulevi wake kwa mkono wake mwenyewe, bila kuficha hata idadi ya vikombe. Tunaposema kasumba, tunalitumia neno hilo kwa maana yake ya zamani. Siku hizi watu wanalijua zaidi kama jina la mawazo mabovu yaliyomganda mtu kichwani, lakini wazee wetu wa pwani waliita hivyo afyuni yenyewe, yaani utomvu mzito unaokamuliwa katika tunda la mpopi.

Mtu huyo ni Jahangir, mfalme wa nne wa nasaba ya Mughal katika Bara Hindi. Alizaliwa tarehe 31 Agosti 1569 huko Sikri, karibu na mji wa Agra. Baba yake, Mfalme Akbar, alikuwa amezika watoto wachanga kabla yake, na kwa uchungu wa kukosa mrithi alikwenda kumwomba mcha Mungu mmoja, Sheikh Salim Chishti, amwombee apate mwana. Mtoto alipozaliwa akaitwa Salim kwa heshima ya mzee huyo, na Akbar akajenga mji mzima pale pale, Fatehpur Sikri, ambao majengo yake ya mawe mekundu yangali yakisimama. Mama yake Salim alikuwa binti wa mfalme wa Amber, wa kabila la Warajput. Jina la Jahangir, maana yake mshika dunia, alilichukua mwenyewe alipotawazwa.

Ulevi ulikuwa nyumbani mwao kabla yeye hajazaliwa. Babu wa baba yake, Babur, mwanzilishi wa nasaba, alipenda divai na majuni, akaiacha divai mwaka 1527 mbele ya jeshi lake alipokuwa akikabili vita vya Khanwa, akaamuru vyombo vya dhahabu na fedha vivunjwe. Babu yake, Humayun, alikuwa mtu wa afyuni. Baba yake mdogo aliyetawala Kabul alikufa kwa ulevi mwaka 1585. Wana watatu wa Akbar, Salim na wadogo zake Murad na Daniyal, walikulia katika nyumba ambamo vikombe havikuwa mbali.

Jahangir asimulia jinsi alivyoanza. Alikuwa kijana kambini karibu na ngome ya Attock, kwenye Mto Indus. Alikwenda kuwinda, akarudi amechoka sana. Mtu mmoja wa mizinga, mwenye cheo katika utumishi wa ndugu wa baba yake, akamwambia kwamba kikombe kimoja cha divai kingemwondolea uchovu wote. Salim akatuma mtumishi nyumbani kwa tabibu kuleta kinywaji, na yule akarudi na kikombe kimoja na nusu cha divai ya manjano, tamu, katika chupa ndogo. Akanywa, akapenda hali aliyojisikia. Hakuna jambo kubwa zaidi ya hilo. Mara nyingi twatafuta sababu nzito kwa mwanzo wa uovu mkubwa, msiba au usaliti au marafiki waovu. Mtoto huyu wa mfalme alikuwa amechoka tu, na mtu mwema akamhurumia.

Baada ya hapo akazidisha siku kwa siku, hata divai ya zabibu ikawa haimlevyi tena. Akahamia mvinyo, pombe kali iliyokenekwa mara mbili, namna ile ile wapikavyo gongo kwetu ila kwa vyombo vya kifalme. Katika muda wa miaka tisa akafikia vikombe ishirini kwa siku, kumi na vinne mchana na vilivyobaki usiku. Chakula chake siku hizo, aandika, kilikuwa kuku mmoja na mkate na figili. Mikono ikawa inatetemeka hata asiweze kushika kikombe mwenyewe, wengine walimnywesha. Hakuna aliyethubutu kumkataza.

Ndipo akamwita Hakim Humam, mmoja wa matabibu wakubwa wa baba yake, akamweleza hali yake. Tabibu huyo, na jina lake lastahili kukumbukwa, akamwambia bila kuzungukazunguka kwamba akiendelea hivyo, baada ya miezi sita hali itakuwa mbaya isiyo na dawa. Sisi twaona kwamba tajiri akizama hupungukiwa na kitu kimoja ambacho maskini anacho tele, yaani mtu wa kumwambia ukweli. Teja wa barazani huambiwa ukweli wake na kila apitaye, hata na watoto. Mwana wa mfalme alingoja miaka tisa.

Salim akasikia. Akaanza kupunguza kidogo kidogo, akachanganya mvinyo na divai, na katika miaka saba akashuka mpaka vikombe sita vya mchanganyiko huo, naye akabaki hapo kwa miaka mingi. Lakini mlango mmoja ulipofungwa, mwingine ulifunguliwa. Alipokuwa akipunguza kinywaji alianza kula majuni ya afyuni, na baadaye akaacha majuni akachukua afyuni tupu. Alipokuwa na umri wa miaka 46 aliandika kipimo chake kamili: punje nane za mizani ya Kihindi asubuhi na sita usiku. Kwa vipimo vya siku hizi haifiki gramu mbili, lakini ni kila siku, mwaka baada ya mwaka, na kwa mtu asiyezoea ni kipimo cha kumwua.

Tumetangulia mbele ya habari. Turudi nyuma kidogo, kwa Akbar, maana hukumu ya kwanza juu ya mlevi huyu ilikuwa ya baba yake.

Mwaka 1600 Salim alimwasi baba, akajifanya mfalme huko Allahabad. Mwaka 1602 akaamuru auawe Abul Fazl, rafiki na mwandishi mkuu wa Akbar, na mzee akalia kwa siku nyingi. Hatimaye wanawake wa nyumba ya kifalme wakapatanisha, na mwishoni mwa 1604 Salim akarudi Agra. Akbar alimpokea mbele ya watu kwa heshima zote. Kisha akamshika mkono, akamwingiza ndani, na huko faraghani akampiga makofi ya uso, akamkemea, akamfungia katika chumba cha kuogea chini ya ulinzi wa tabibu mmoja, bila divai. Akakaa humo siku kama kumi. Mwana huyo alikuwa na miaka 35, mwenye wake na watoto wakubwa.

Wasomaji wetu wenye watoto katika hali hiyo hawahitaji kuelezwa kilichokuwa moyoni mwa Akbar siku ile. Mfalme aliyeshinda majimbo mengi kuliko mtu yeyote wa nasaba yake hakuwa na dawa nyingine ila ile aliyo nayo kila baba: kofi na mlango wenye komeo. Yasemwa kwamba alifanya hivyo kwa hasira. Twadhani alifanya kwa hofu pia, maana alikuwa amekwisha kumzika mwana mmoja. Murad alikufa kwa ulevi mwaka 1599 kusini, akiwa hajatimiza miaka 29.

Na Daniyal akafuata mapema mwaka 1605, huko Burhanpur. Habari zake ni za kusikitisha kuliko zote. Akbar alikuwa ameamuru mwana huyu asipewe kinywaji, na walinzi wakawekwa. Daniyal alipenda sana bunduki, na moja ya bunduki zake aliipa jina lenye maana kwamba apigwaye nayo mara moja huenda jenezani. Alipobanwa na kiu akamlilia mtumishi wake mmoja wa mizinga amletee mvinyo ndani ya mtutu wa bunduki hiyo. Mtumishi, kwa huruma au kwa kutaka zawadi, akajaza mvinyo wa kukenekwa mara mbili katika chuma kile kilichozoea baruti na kutu. Mwana wa mfalme akanywa, akaanguka kitandani, asiinuke tena. Alikuwa na miaka 32. Jahangir mwenyewe ndiye atusimuliaye haya, na kalamu yake hapo haichezi. Alijua vizuri kwamba kati yake na ndugu zake hakukuwa na tofauti ya tabia, bali ya tabibu mmoja na ya mwili wenye nguvu.

Akbar naye alifariki Oktoba 1605, na mlevi pekee aliyebaki akakalia kiti.

Jambo la kwanza alilofanya Jahangir ni kutundika mnyororo wa dhahabu wenye kengele sitini, kutoka mnara wa ngome ya Agra mpaka nguzo ya jiwe kando ya mto, ili mnyonge aliyedhulumiwa avute na mfalme asikie. Kisha akatoa amri kumi na mbili kwa nchi yake yote. Mojawapo ilikataza kutengeneza na kuuza divai na kila kilevi. Na hapo hapo, katika maneno ya amri hiyo, akaungama kwamba yeye mwenyewe anakunywa, na amekunywa tangu ana miaka 18.

Watu wengi wamecheka waliposoma hayo, na tunawaelewa. Lakini tunaomba mtu afikiri kidogo kabla ya kucheka. Mfalme angaliweza kutoa amri na kunyamaza, kama walivyofanya watawala wengi kabla na baada yake, wakubwa wa nchi za Kikristo wakiwamo. Twaona katika ungamo lile aibu ya mtu anayewatakia wengine wasipite njia yake. Kosa lake halikuwa katika kuandika amri, bali katika namna alivyoitekeleza.

Mwingereza William Hawkins, aliyefika Agra mwaka 1609 na kuweza kuzungumza na mfalme bila mkalimani kwa sababu alijua Kituruki, ametuachia habari za siku nzima ya Jahangir. Asubuhi sala na tasbihi, kisha kuonekana dirishani kwa watu wote, kisha baraza na kusikiliza mashauri ya wanyonge. Jioni huingia chumba cha faragha na watu wachache wateule, hunywa vikombe vyake vilivyopimwa, hula kasumba yake, na ulevi ukifika kileleni hulala. Baada ya saa kama mbili huamshwa na kuletewa chakula cha usiku. Na kwa kuwa mwenyewe hawezi kupeleka mkono kinywani, wengine humlisha. Huyo ndiye aliyekuwa akipimwa katika mizani siku ya kuzaliwa kwake, upande mmoja yeye na upande mwingine dhahabu, na dhahabu hiyo kugawiwa.

Lakini yaandikwa pia kwamba mlangoni pa baraza walinzi walinusa pumzi za wakubwa walioingia. Aliyenukia divai hakuruhusiwa kupita, na ikijulikana kwa nini hakuhudhuria, alikuwa katika hatari ya mjeledi.

Sir Thomas Roe, balozi wa Mfalme James wa Uingereza, aliyekaa katika baraza la Jahangir tangu 1616 hadi 1618, aliona jambo baya zaidi. Usiku mmoja wa sherehe mfalme aliamuru wakubwa waliokuwapo wanywe, nao wakanywa, na mwandishi akaandika majina kama ilivyo desturi. Baadaye mtu mmoja akataja furaha ya usiku ule mbele ya baraza. Mfalme, aliyekuwa amesahau kabisa, akauliza ni nani aliyetoa ruhusa. Wakasema ni mwandishi. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba amri ilitoka kinywani mwa mfalme mwenyewe. Basi orodha ikaletwa, wakubwa wakatozwa maelfu ya rupia, na wengine wakachapwa mijeledi ya chuma pale pale mbele yake mpaka wakaachwa taabani.

Hapa hatuna udhuru wa kumtolea. Wala hatutaki kusema, kama wasemavyo wengine, kwamba ni pombe iliyofanya hayo na siyo Jahangir. Mwaka 1606 mwanawe wa kwanza, Khusrau, alimwasi kama yeye alivyomwasi Akbar. Jahangir akawachomeka wafuasi wake kwenye miti ya kuchongoka kandokando ya barabara ya Lahore, akampitisha mwana katikati yao juu ya tembo, na mwaka uliofuata akamharibu macho. Katika ghadhabu hiyo hiyo Guru Arjan, kiongozi wa Masingasinga, alikufa chini ya mateso. Mambo hayo yalifanywa kwa akili timamu na kwa shabaha. Twaonya hapa kwa sababu twaona makosa mawili yakifanyika katika jamaa nyingi: kumlaumu mlevi kwa kila kilichoharibika nyumbani, au kuitwika chupa kila dhambi aliyoitenda.

Twafika sasa kwenye tukio ambalo hasa ndilo lililotufanya tumchague mfalme huyu.

Mwaka 1618 Inayat Khan, mmoja wa watumishi wa karibu wa Jahangir, alikuwa akifa. Naye alikuwa mtu wa kasumba, na divai juu yake kila alipoipata. Alikuwa na mwili mdogo, akatumia kuliko alivyoweza kubeba. Tumbo likaharibika, akawa anazimia. Matabibu walimjaribia dawa zao bila kufaa. Mwisho akabaki ngozi na mifupa. Akaomba ruhusa aende Agra. Mfalme akaamuru kwanza aletwe amwone. Wakamleta katika machela, wakamweka mbele yake.

Jahangir alishangaa. Aandika kwamba wachoraji hujitahidi sana kuchora uso uliokonda, lakini hajaona kamwe mfano wa kitu kile, wala hakujua kwamba mwanadamu aweza kufika pale na kuwa bado na umbo la mwanadamu. Akawaita wachoraji wake, akaamuru wachore. Nao wakachora. Picha ya rangi iko Oxford katika maktaba ya Bodleian, na mchoro wa wino uko katika jumba la makumbusho la Boston huko Marekani. Aliyeziona hazisahau: mtu ameegemea mito mikubwa, nguo imefunguka kifuani, mbavu zinahesabika, vidole kama vijiti, na macho yanatazama upande mmoja, pasipo na mtu.

Wengi wameandika juu ya ukatili wa jambo hilo. Ni kweli, ni jambo la kuogofya kumketisha mtu anayekufa ili achorwe. Lakini tusiliache nusu. Mfalme, wachoraji walipokuwa wakifanya kazi, alimwambia yule mgonjwa kwamba saa kama ile asivute pumzi pasipo kumkumbuka Mungu, wala asikate tamaa ya rehema yake. Na kwa kuwa alisikia kwamba Inayat Khan ameharibikiwa hata na mali, akampa rupia 2,000 za safari, akamwachia aende. Siku ya pili yake mtu huyo akafa.

Mkono uliotoa fedha zile ulikuwa umekula kasumba asubuhi ileile, punje zake nane. Jahangir haandiki popote kwamba alijiona katika kile kitanda. Yeye, aliyeandika juu ya kila kitu, juu ya uzito wa tikiti na ndoa ya korongo, hapo hasemi neno. Twamwelewa. Ni mangapi ambayo mtu huyaona wazi kwa jirani, akamhurumia kwa kweli, akampa na nauli, bila kugeuza macho kwa nafsi yake? Kwa miaka mia nne sasa watu waitazamao picha ile humhukumu Inayat Khan, au humhukumu mfalme. Na mtazamaji mwenyewe yuko nje ya fremu, kama Jahangir.

Na alikuwa mtu wa macho. Hilo lazima tulitaje, maana vitabu vingi vya zamani vya Ulaya vilimchora kama mlevi mzembe tu, na wanachuoni wa siku za karibu wamesahihisha hilo. Nchi aliyorithi hakuipoteza kwa uzembe, isipokuwa Kandahar iliyotwaliwa na Waajemi mwaka 1622. Alipenda wanyama na maua na alivichunguza kwa subira. Mwaka 1621 aliletewa mnyama kutoka Uhabeshi, ambaye wasomaji wetu hawana haja ya kufafanuliwa: punda milia. Watu wa baraza walidhani amepakwa rangi. Jahangir akaamuru wachunguze, na walipojiridhisha kwamba mistari ile ni ya kuzaliwa nayo, akamwagiza mchoraji wake Mansur amchore, kisha mnyama akapelekwa zawadi kwa Shah wa Uajemi. Adui wake mkubwa kusini, Malik Ambar, naye alikuwa Mhabeshi, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto na kupanda hata akawa mtawala wa kweli wa Ahmadnagar. Jahangir alimchukia kiasi cha kujichoresha akikipiga mshale kichwa chake, jambo ambalo katika maisha halikutokea, kwa kuwa Ambar alikufa kitandani mwaka 1626, akiwa mzee.

Mapadre Wajesuiti nao walikuwapo katika baraza hilo tangu siku za Akbar, wakiongozwa miaka mingi na Padre Jerónimo Xavier, wa jamaa ya Mtakatifu Fransisko Xaveri. Jahangir aliwaruhusu kujenga, akazipamba kuta za majumba yake kwa picha za Yesu na Bikira Maria, na mwaka 1610 aliwaacha wana watatu wa marehemu Daniyal wabatizwe Agra kwa maandamano makubwa. Mapadre walifurahi, wakaandika barua za matumaini. Miaka michache baadaye vijana hao waliurudia Uislamu, na wako waliodhani kwamba mfalme alitaka tu kuwaondoa katika mstari wa urithi. Basi hata watu wa dini walimhukumu kwa matumaini yao.

Aliyemjua kweli ni mkewe. Mwaka 1611 alimwoa Mihr-un-Nisa, mjane wa Kiajemi, ambaye alikuja kuitwa Nur Jahan, nuru ya dunia. Mama huyu alitoa amri, alipiga sarafu kwa jina lake, na alipiga risasi kwa shabaha kuliko wanaume wengi. Wakubwa wakanung'unika kwamba mfalme ameuza utawala kwa kikombe. Jahangir mwenyewe hakuona hivyo. Alipougua mwaka 1621, matabibu wakiwa wamemkatia tamaa au wanaogopa lawama, ni Nur Jahan, aandika, aliyeshika uuguzi mkononi mwake, akapunguza divai kidogo kidogo, akamzuia vyakula visivyomfaa. Hakukuwa na makofi wala komeo. Hakuponya, lakini alimwongezea miaka.

Katika wanawe hesabu ilikuwa nusu kwa nusu. Parviz alikufa kwa ulevi Oktoba 1626 katika mji ule ule wa Burhanpur uliomwua Daniyal. Khurram, ambaye baadaye alikuwa Shah Jahan aliyejenga Taj Mahal, alifika miaka 24 bila kuonja divai. Na ni nani aliyempa kikombe cha kwanza? Baba yake. Mwaka 1616, siku ya kupimwa kwake, Jahangir alimsihi anywe siku za sikukuu, kwa kiasi, kama wafalme wanywavyo, akamtajia na maneno ya Ibn Sina. Na mwana akanywa baada ya kubembelezwa sana. Yule mtu wa mizinga wa Attock hakuwa na mwanafunzi aliye bora zaidi. Khurram hakupenda. Miaka kama mitano baadaye, akienda vitani kusini, aliimwaga divai yake yote katika Mto Chambal, vikombe vya dhahabu na fedha vikavunjwa na kugawiwa maskini.

Miaka ya mwisho ya Jahangir ilikuwa mizito. Pumu ilimbana, Khurram alimwasi, na mwaka 1626 jemadari wake Mahabat Khan alimteka kwenye Mto Jhelum, na mkewe akafanya hila mpaka akamfungua. Mwaka 1627 alikwenda Kashmir kutafuta hewa. Huko hamu ya chakula ikamwisha, na jambo la ajabu likatokea: aliichukia kasumba. Kilichokuwa rafiki yake miaka arobaini, asema mwandishi wa baraza lake, alikikataa mwenyewe, asikubali ila vikombe vichache vya divai ya zabibu. Sivyo ashindavyo mtu. Ni mwili tu uliochoka hata kutamani.

Katika safari ya kurudi Lahore walipumzika Bairamkala, mahali alipozoea kuwinda. Watu wa kijiji waliwafukuza paa mpaka ukingoni mwa mlima ili mfalme apige akiwa ameketi. Askari mmoja wa miguu, akimfuata mnyama aliyejeruhiwa, aliteleza akaanguka bondeni akafa. Jahangir alihuzunika kupita kiasi. Mama wa kijana akaletwa, akilia. Mfalme akamfariji, akampa fedha, lakini yeye mwenyewe hakutulia tena, kana kwamba malaika wa mauti amemtokea.

Kutoka hapo walikwenda Thana, na kutoka Thana wakashika njia ya Rajauri. Njiani, jioni, aliomba kikombe. Kikaletwa, wakamwekea midomoni, kama walivyomwekea zamani alipokuwa kijana na mikono yake ikitetemeka. Lakini koo halikumeza. Alifariki asubuhi ya siku ya pili, tarehe 28 Oktoba 1627, akiwa na umri wa miaka 58.